Kitambua-rada na Gari la Chama: Je, Kina Faida kwa Dereva wa Mwendo Kasi?

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika vyama vyenye magari, hati za malipo chache huleta ubishi mkubwa katika kamati kama risiti ya faini ya mwendo kasi. Dereva hujitetea kwamba alikuwa akiwahi mizani ya kiwandani isifungwe. Mweka hazina huuliza fedha hiyo iandikwe katika fungu gani. Wanachama nao, ambao pamba yao au kahawa yao ndiyo iliyokuwa ndani ya gari, hunung'unika kwamba jasho lao limeishia barabarani. Katikati ya ubishi huo aghalabu hutokea mjumbe aliyesikia habari za nchi za ng'ambo, akaeleza kwamba huko madereva hununua chombo kidogo, hukiweka karibu na kioo cha mbele, nacho hulia askari mwenye tochi anapokuwa mbele. Kisha huuliza: kwa nini chama nacho kisinunue chombo hicho?

Swali hilo si la mzaha, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Fedha itakayotoka ni ya wanachama, na gari litakalokwenda kwa kasi ni la wanachama. Kwa hiyo yafaa chombo chenyewe kielezwe kilivyo, pamoja na kazi kinachoiweza na kazi kinachoshindwa nayo, ndipo kila kamati iamue ikiwa na maarifa.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Rada ya askari hutoa mawimbi ya redio yanayolipiga gari na kurudi. Gari linapokaribia, mawimbi yanayorudi hubadilika kidogo idadi ya mapigo yake kwa sekunde, na mabadiliko hayo hukua kadiri mwendo unavyokua. Kanuni hiyo ilielezwa na mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, mwaka 1842, muda mrefu kabla ya gari la kwanza kutengenezwa. Chombo cha askari huyapima mabadiliko hayo na kuonyesha mwendo kwa tarakimu.

Kitambua-rada hakipimi mwendo wowote. Ni redio ya kupokea tu, iliyotegwa kusikiliza mawimbi ya aina zile zinazotumiwa na polisi. Nguvu yake hutokana na jambo moja rahisi: mawimbi ya askari hulifikia gari yakiwa bado na nguvu, lakini mwangwi wake hulazimika kusafiri tena njia nzima ya kurudi, nao hufika umedhoofika sana. Hivyo redio iliyo ndani ya gari yaweza kusikia rada kabla rada yenyewe haijapata kusoma mwendo wa gari hilo. Pale ambapo askari huiacha rada yake ikiwaka mfululizo katika barabara iliyonyoka, dereva mwenye kitambua-rada hupata onyo mapema, naye hupunguza mwendo. Huo ndio ukweli, na haufai kufichwa.

Chombo hiki kisichanganywe na kile cha kuvuruga rada, ambacho hutoa mawimbi yake chenyewe ili kumpotosha askari. Hata Marekani, ambako kitambua-rada kimeruhusiwa katika majimbo mengi, chombo cha kuvuruga rada kimepigwa marufuku na sheria ya nchi nzima.

Kilikotoka na sababu za kuenea kwake

Kitambua-rada kilipata soko kubwa nchini Marekani katika miaka ya 1970. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, Rais Richard Nixon alitia saini, Januari 1974, sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani karibu kilometa 89, kwa nchi nzima, ili mafuta yasipotee bure. Madereva wa malori walikasirika. Wengi wao walilipwa kwa maili walizokwenda, na kila saa iliyoongezeka njiani ilikuwa hasara kwao. Wakaanza kupashana habari za askari kwa redio za upepo, na wakanunua vitambua-rada. Kikomo hicho cha nchi nzima kiliondolewa mwaka 1995, lakini tabia ilikwisha kuota mizizi.

Serikali ya Marekani nayo haikukaa kimya. Tangu mwaka 1994 kanuni za nchi hiyo zimekataza kitambua-rada katika malori na mabasi makubwa ya biashara yanayosafiri baina ya majimbo. Jimbo la Virginia na mji mkuu wa Washington hukikataza hata katika magari madogo. Polisi walipata pia chombo cha kuwanasa wanaokitumia, kwa kuwa kitambua-rada, ingawa ni cha kupokea, huvujisha mawimbi kidogo kutoka katika mitambo yake ya ndani. Kwingineko duniani sheria hutofautiana: Uingereza kimekuwa halali tangu hukumu ya mahakama ya mwaka 1998, ilhali Ufaransa, Ujerumani na Afrika Kusini hukataza matumizi yake. Chama chenye gari linalovuka mpaka kisisahau kwamba kinachoruhusiwa upande mmoja wa kizuizi chaweza kuwa kosa upande wa pili.

Wajumbe wa kamati na wazingatie jambo moja katika historia hiyo. Nchi iliyowaachia wenye magari madogo uhuru wa kununua chombo hiki ndiyo hiyo hiyo iliyowanyima madereva wa malori makubwa. Na gari la chama cha msingi, kwa kawaida, ni lori.

Mahali chombo kinaposhindwa

Katika barabara za Afrika Mashariki askari wengi hupimia mwendo kwa chombo cha mkononi, ambacho madereva wa Tanzania wamekipa jina la tochi. Askari husimama kandoni, hungoja, kisha hulielekezea gari moja alilolichagua na kubonyeza. Ikiwa tochi hiyo ni ya rada inayowaka pale tu kidole kinapobonyeza, hapana wimbi lolote hewani kabla ya hapo. Kitambua-rada kitalia, naam, lakini kitalia wakati mwendo umekwisha kusomwa. Labda kitamwokoa dereva ikiwa gari la mbele yake ndilo lililopimwa kwanza na mawimbi yakamfikia. Lakini katika barabara tupu ya saa kumi alfajiri hakuna gari la mbele.

Ikiwa tochi ni ya leza, hali ni mbaya zaidi. Leza haitapakazi mawimbi barabara nzima kama rada. Hutoa mwali mwembamba wa mwanga usioonekana kwa macho, unaolenga gari moja na kupima umbali wake mara nyingi katika muda mfupi sana. Gari la nyuma haliwezi kuusikia mwali uliolenga gari la mbele, isipokuwa kwa bahati. Mlio wa chombo katika hali hiyo ni taarifa ya kosa lililokwisha kuandikwa.

Tena kuna upimaji usiotoa mwali wala wimbi la kulisikiliza. Katika nchi kadhaa kamera mbili huwekwa mbalimbali barabarani. Kila moja husoma namba ya gari na saa lilipopita, na mwendo wa wastani hupatikana kwa hesabu ya kugawanya. Tanzania nayo imeweka katika mabasi ya masafa marefu chombo cha kufuatilia mwenendo wa gari, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Chombo hicho hukaa ndani ya gari lenyewe na kutoa taarifa za mwendo wake safari nzima. Kenya, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 wakati wa Waziri John Michuki, iliyalazimisha magari ya abiria kufungwa vidhibiti mwendo vyenye kikomo cha kilometa 80 kwa saa. Mbele ya mipango ya namna hiyo, redio ya kusikiliza rada haina la kusikia.

Kasoro ya mwisho ni kelele za uongo. Baadhi ya milango ya maduka inayojifungua yenyewe, na baadhi ya magari mapya yenye vihisi vya kumwonya dereva kuhusu gari lililo ubavuni, hutumia mawimbi ya jamii ile ile. Chombo hulia, dereva hushtuka, hutazama, haoni askari. Likitokea hilo mara kumi, mara ya kumi na moja hapunguzi mwendo tena.

Hesabu ya fedha na ya dakika

Makatibu wamezoea hesabu, basi na zifanywe. Katika bajeti ya Tanzania ya mwaka 2021/22, faini za papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji zilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na magari mengine yakabaki katika 30,000. Kitambua-rada cha kuaminika huuzwa ng'ambo kwa dola mia kadhaa. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kufikia mlangoni mwa chama kitagharimu shilingi 750,000, hiyo ni thamani ya faini 25. Dereva atakayeandikiwa faini 25 hatibiwi kwa kununuliwa chombo; kamati yapaswa kuuliza kwa nini bado ameshika usukani.

Upo na upande wa dakika, ambao ndio asili ya jambo lote. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa magari ya abiria na malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Lori likienda safari ya kilometa 120 kwa mwendo wa 80, hutumia dakika 90. Likienda kwa 100 bila kupunguza popote, hutumia dakika 72. Faida ni dakika 18. Katika kijiji chenye urefu wa kilometa 2, mwendo wa 50 huchukua dakika 2 na sekunde 24, na mwendo wa 80 huchukua dakika moja na nusu. Hapo faida ni sekunde 54. Dakika moja haitimii. Na lori lililookoa dakika hizo, mara nyingi hufika kiwandani likakuta foleni ya mizani na kungoja saa kadhaa.

Jambo ambalo chombo hakilipimi

Sasa na itazamwe ile sekunde 54 kwa upande wa mtoto wa shule anayevuka barabara katika kijiji hicho. Tuseme dereva yu macho na humchukua sekunde moja kukanyaga breki, na breki ni nzima, zenye kupunguza mwendo kwa kilometa 18 kwa saa katika kila sekunde. Lori lililokuwa likienda 50 husimama baada ya mita 33 hivi. Lori lililokuwa likienda 80 huhitaji mita 72. Lakini hesabu hiyo peke yake haionyeshi ubaya wote. Pale pale kwenye mita 33, mahali ambapo lori la kwanza limekwisha kusimama kimya, lori la pili bado linapita kwa mwendo wa kilometa 70 kwa saa. Dereva ni yule yule, breki ni zile zile, na mtoto ni yule yule.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa. Taarifa yake ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani duniani kwa mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio wana wa wanachama, na ndio wanachama wa kesho.

Kitambua-rada hakijui mtoto. Hakijui ng'ombe, baiskeli iliyopakia mkaa, wala trekta lisilo na taa. Kinamjua askari tu, na humfundisha dereva kumwogopa askari peke yake. Pale kinaponyamaza, dereva huchukua ukimya huo kuwa ruhusa. Tabia ya madereva kuwashiana taa ili kuonyana kwamba kuna tochi mbele ina kasoro hiyo hiyo, ingawa hainunuliwi dukani: huleta mwendo wa adabu kwa mita mia chache, kisha kasi hurudi ile ile.

Na ajali ikitokea, hasara haimwishii dereva. Vyama vingi hukatia magari yao bima ndogo, ambayo hulipa madhara ya watu wengine lakini hailipi gari la chama wala shehena iliyomwagika. Pamba ikilowa mtaroni, mwenye kupunjwa ni mkulima aliyekwisha kuipima na kupewa stakabadhi.

Malalamiko ya madereva yasikilizwe

Haitakuwa haki kumlaumu dereva peke yake. Madereva hulalamika kwamba askari hujificha vichakani, na kwamba vibao vya 50 vimeng'olewa au vimefutika, hata mgeni hajui kijiji kinaanzia wapi. Yapo malalamiko ya kweli katika hayo. Lakini kitambua-rada hakisomi vibao. Dawa iliyo nafuu zaidi ni daftari: dereva wa chama aandike njia yake yote ya kawaida, kila mahali ambapo mwendo wa 50 unaanza na unapokoma, na nakala ibandikwe ndani ya gari. Kazi hiyo ni ya safari moja. Mahali palipokosa kibao paandikiwe barua kwa TANROADS ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, au kwa TARURA ikiwa ni ya wilaya, na chama kikuu kipewe nakala. Barua ya vyama kumi ina uzito kuliko manung'uniko ya madereva mia.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, nalo huwagusa wenye kamati. Dereva anayelipwa posho kwa idadi ya safari hulipwa, kwa maneno mengine, ili akimbie. Gari linalopakiwa saa tisa mchana, huku mizani ikifungwa saa kumi na mbili, limekwisha kuvunja sheria kabla halijawashwa. Madereva wa Marekani wa mwaka 1974 walinunua vitambua-rada kwa sababu malipo yao yalihesabiwa kwa maili. Mahali ambapo malipo yanamsukuma mtu kukimbia, onyo la mdomo halimzuii, na chombo humsaidia tu kukimbia kwa siri.

Yanayofaa kufanywa na chama

Kwanza, posho ya dereva na utingo ihesabiwe kwa siku ya kazi, au kwa shehena iliyofika salama, na si kwa wingi wa safari peke yake.

Pili, upakiaji ukamilike jioni ya kuamkia safari kila inapowezekana, gari lilale likilindwa, na saa ya kuondoka iandikwe katika kitabu cha safari na kutiwa saini na karani wa ghala. Dereva akichelewa kwa sababu ya ghala, kosa lijulikane ni la ghala.

Tatu, faini za mwendo kasi zilipwe na dereva mwenyewe. Faini zinazotokana na ubovu wa gari, kama taa mbovu au tairi lililokwisha, zilipwe na chama, kwa kuwa chama ndicho kilicholituma gari bovu njiani. Kwa vyovyote, faini isifichwe katika fungu la matengenezo wala katika matumizi mengineyo. Hati iliyoandikwa uongo kwa shilingi 30,000 humfanya mkaguzi azitilie shaka hati zote zilizo katika jalada.

Nne, fedha iliyokusudiwa kununulia kitambua-rada iende kwenye breki na matairi. Ikibaki, gari lifungwe kidhibiti mwendo, au chombo cha kufuatilia mwendo, na taarifa yake isomwe na kamati kila mwezi pamoja na taarifa ya mafuta. Makatibu wataona wenyewe kwamba gari lisilokimbia hunywa mafuta kidogo.

Tano, habari ya mwendo wa gari iwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu kama zilivyo habari za ghala na za mizani. Wanachama wana haki ya kujua mali yao inakwendaje barabarani.

Hivyo, je, kitambua-rada kina faida kwa dereva wa mwendo kasi? Kwa mtu mwenye gari lake dogo, katika nchi inayokiruhusu na yenye askari wanaoacha rada zikiwaka mfululizo, chaweza kumwepusha na faini kadhaa. Kwa lori la chama katika barabara zenye tochi za mkononi, kitachelewa kulia mara nyingi kuliko kitakavyowahi, na hata kikiwahi kitakuwa kimelinda shilingi 30,000 za dereva huku kikiweka rehani gari, shehena na roho za watu. Chama hakina sababu ya kukinunua. Wahenga walisema kawia ufike, na dakika 18 ambazo dereva atakawia njiani, kamati yaweza kumrudishia kwa kupakia gari mapema.